Fidla ya babu yenye lebo ya Stradivari: uzoefu wangu wa kuikaguisha kwa fundi

Kama una fidla ya zamani na unataka kujua ilitoka wapi, mlipe fundi anayetengeneza fidla kwa mikono yake aikague mezani kwake, nawe ukiwepo. Tathmini ya picha iache. Nimejaribu zote mbili na nimezilipia zote mbili.

Fidla yenyewe ni ya marehemu babu yangu mzaa baba, aliyepiga taarab hapa Unguja tangu ujana wake. Alipofariki, mali zake ziligawiwa warithi kwa mujibu wa sheria, ila fidla ilikwama. Ukichungulia kwenye tundu la kushoto unaona karatasi iliyopauka: Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721, yaani, kwa Kilatini, Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, aliitengeneza mwaka 1721. Ami yangu mkubwa aliyasoma maneno hayo, akaingia intaneti, akakuta kwamba fidla za Stradivari, fundi maarufu kuliko wote, zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Tangu siku hiyo ikafungwa kabatini. Mirathi haigawiki bila ya kujua kitu kina thamani gani, na mimi ndiye niliyekuwa naipiga kidogo, kwa hiyo kazi ya kutafuta ukweli wake ikaniangukia mimi.

Nilianza na huduma ya mtandaoni ya Ulaya, ambayo sitaitaja. Unapakia picha, unalipa kwa kadi, unasubiri. Majibu yakaja kwa barua pepe, mistari michache tu: fidla ya Kijerumani ya biashara, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20, thamani ya kawaida. Walipatia, hilo nalisema wazi. Lakini hawakutoa sababu hata moja. Ami alipoisoma barua ile alisema, "Hawa wanataka tuwauzie rahisi," nami sikuwa na la kumjibu. Jibu lisilo na hoja haliwezi kuwatuliza warithi, hata likiwa la kweli.

Binti wa shangazi yangu anaishi Leipzig, Ujerumani, na nilipokwenda kumtembelea niliibeba fidla ndani ya ndege, mkononi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja fundi wa fidla, akanitafsiria neno kwa neno. Ukaguzi wa mezani ulikuwa euro 60. Pesa zangu zilifanya kazi.

Mzee aliiweka juu ya kitambaa, akaigeuza, akaanza na kichwa, ile sehemu ya juu iliyojikunja. Akanionyesha kwa kucha mfereji unaofuata mzunguko wa kichwa kwa nyuma kisha ukaingia chini, karibu na shingo. Kwenye yetu mfereji unakatika mapema. Mafundi wa Cremona waliuchonga mpaka mwisho kabisa, hata pale jicho halifiki. Mchongaji aliyelipwa kwa idadi ya vichwa aliishia pale patasi inapopita bila ya tabu. Halafu akaigeuza tena, akanionyesha ubavu wa chini: ubao mmoja uliopindwa kuzunguka tako lote, bila ya kiungo katikati. Hiyo, akasema, ni tabia ya Saksonia, jimbo la mashariki mwa Ujerumani.

Kisha akaingiza taa ndogo kupitia tundu, akafuatisha kioo cha mkono mrefu kama kile cha daktari wa meno, akanipa nishike mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mafundi wa Cremona walijenga mbavu kuzunguka kalibu ya mbao, na kila kona waliiwekea kigogo cha kuishikilia. Warsha nyingi za Saksonia zilijenga mbavu moja kwa moja juu ya mgongo, bila ya kalibu, na vigogo vya kona wakaviacha. Kwenye fidla ya babu, kona za chini, zile ambazo mnunuzi akichungulia ataziona, zimezibwa kwa kibanzi chembamba. Za juu ni tupu. Nilizitazama mpaka mkono ukachoka.

Kwa hiyo fidla yetu ni ya Markneukirchen, mji mdogo wa Saksonia karibu na mpaka wa Bohemia (leo sehemu ya Jamhuri ya Cheki), na mzee aliikadiria kuwa ya kati ya 1890 na 1910. Chama cha mafundi wa fidla kiliundwa pale mwaka 1677 na wakimbizi Waprotestanti waliotoka Bohemia. Kufikia mwisho wa karne ya 19 biashara ilikuwa kubwa mno, hata Marekani ikafungua ofisi yake ya ubalozi mdogo katika mji ule mwaka 1893, ili kushughulikia shehena za ala zilizokuwa zikivuka bahari. Kazi iligawanywa: mmoja anachonga vichwa, mwingine migongo, mwingine anaunganisha, mwingine anapaka vanishi. Sehemu nyingi zilichongwa majumbani ng'ambo ya mpaka, Schönbach, ambayo leo ni Luby katika Jamhuri ya Cheki. Maana yake fidla hii haina fundi mmoja wa kumtaja jina. Nakiri hilo lilinigusa kuliko Stradivari mwenyewe: familia nzima zilikaa sebuleni zikichonga kitu ambacho babu yangu angekuja kukiegemeza kidevu chake Unguja.

Na lebo? Mzee aliiacha mpaka mwisho. Alisema fidla zenye lebo hiyo ni nyingi kupita kiasi, na kwamba warsha zilizibandika kuonyesha ni umbo la nani lililofuatwa. Nilimwelewa upesi. Fundi cherehani wa Darajani akikushonea kanzu ya Kiomani, hakuna anayedai imeshonwa Maskati. Stradivari alifariki 1737, na lebo zake zimenakiliwa hadi leo.

Kuna jambo la lebo ambalo kila mwenye fidla ya urithi alitazame: nchi imeandikwa au haikuandikwa? Sheria ya Uingereza ya 1887 na ile ya ushuru ya Marekani ya 1890 zilitaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka. Ukikuta neno Germany chini ya jina la Stradivari, fidla hiyo kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Ukikuta Czechoslovakia, haiwezi kutangulia 1918, kwa sababu nchi hiyo haikuwepo. Yetu haina nchi. Mzee aliniambia nisiiegemee sana alama hiyo peke yake, kwani fidla ambazo hazikulengwa kwenye masoko hayo mawili zingeweza kuuzwa bila ya neno lolote.

Niliuliza kuhusu kupima miaka ya mbao, ule upimaji wa pete za mti kwenye ubao wa mbele, ambao ni wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Angeweza kunielekeza kwa mpimaji na kupata kamisheni. Badala yake alinikataza. Pete zinakupa mwaka ambao mti ulikuwa bado unakua, basi. Fidla haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kipimo hicho kilisaidia katika mabishano makubwa kama kweli ni ya Stradivari ile fidla iitwayo Messiah ya 1716, iliyopo jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, ambayo pete zake za mwisho zilionekana kuwa za miaka ya 1680. Kwa fidla ya biashara, gharama ya kipimo ingeikaribia thamani ya fidla. Mtu anayekukataza kutumia pesa ambazo angefaidika nazo, mwamini.

Tena kioo kikatoa ambacho hakuna aliyekitarajia. Ndani ya ubao wa mbele, chini ya ufa wa zamani, kuna kiraka cha mbao nyekundu ambayo mzee hakuwahi kuiona Ulaya. Juu yake, kwa penseli, herufi za Kiarabu. Yeye alizipiga picha tu. Aliyezisoma ni mimi. Neno lenyewe ni la Kiswahili, "imezibwa", na mwaka: 1372. Kwa miladi ni 1952 au 1953. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa fidla ililetwa kutoka Cairo baada ya Mapinduzi ya 1964. Kumbe kabla ya hapo ilikuwa tayari kwenye mwambao huu, mikononi mwa fundi aliyeandika Kiswahili. Mzee alikitia kiraka hicho kwenye ripoti yake pamoja na picha, akaandika kuwa ni kazi safi.

Kasoro zipo. Ripoti ya maandishi inalipiwa peke yake, na kwangu ilizidi bei ya ukaguzi. Ilichelewa wiki kadhaa, na ilikuja kwa Kijerumani kitupu, ikabidi nilipie tafsiri. Hata hivyo kila dai lina picha yake na sababu yake. Ami aliisoma kurasa zote, akaomba aonyeshwe zile kona tupu kwa simu yenye taa, akaridhika. Thamani iliyoandikwa, ambayo ni ya fidla nzuri ya mwanafunzi, ndiyo tuliyoitumia. Nimewalipa warithi wenzangu mafungu yao, na fidla ni yangu.

Ukiamua kusafiri na yako, tazama kwanza upinde. Kincha chake kikiwa na pembe ya ndovu, au sehemu ya mkononi ikiwa na gamba la kasa, uache nyumbani, maana forodha wanaweza kuutaifisha. Kincha cha wetu ni cha mfupa na mzee alithibitisha. Usiisugue vanishi wala usibandue lebo, hata ikiwa ya uongo. Na kabla ya kulipa, kubalianeni ripoti itaandikwa kwa lugha gani, hasa kama itapelekwa kwa Kadhi.