TAHADHARI: "Seti kamili ya Arduino" inayouzwa kwa oda hapa Dar, ipimeni kabla ya kutuma hela

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna seti ya Arduino (bodi ndogo ya elektroniki unayoipangia programu kwa kompyuta) inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram hapa Dar, ile ya "taa ya kisasa, kitufe unawasha, nobu unapunguza mwanga, programu bure". Bei Sh 95,000, unalipa kwanza kwa simu, mzigo unaletwa na boda. Muuzaji anasema duka lipo Kariakoo ghorofani, lakini ukimwambia unapita mwenyewe, siku hiyo duka huwa limefungwa. Jina la ukurasa halitawasaidia, likichafuka linafunguliwa jingine kwa picha zilezile. Kisichobadilika ni mzigo, basi mtambueni kwa mzigo wake.

Wanaolengwa ni wadogo zetu wa vyuo vya DIT, Mlimani na VETA msimu wa projekti. Mwenye wiki moja ya kuwasilisha kazi hana muda wa kubishana.

Kwenye boksi kuna Nano moja (Arduino ya umbo dogo), bredibodi (ubao wa kuchomekea nyaya bila kulehemu), kitufe, nobu, LED tano, mfuko wa rezista (vipunguza mkondo), rilei ya bluu, nyaya za jampa, waya wa USB na karatasi ya mchoro. Kwa macho kila kitu kipo. Ujanja umekaa ndani ya kimoja kimoja.

Waya wa USB ni wa kuchajia tu, hauna nyaya za data. Ukichomeka, taa ya Nano inawaka, ila kompyuta haionyeshi COM (mlango wa kuongea na bodi) yoyote mpya. Hapo wengi wanahangaika na draiva siku mbili. Chipu ya USB ya CH340 iliyo kwenye Nano hizi za Kichina ni kweli inahitaji draiva kwenye baadhi ya kompyuta, na si kasoro, inafanya kazi vizuri kabisa. Kabla ya kugusa draiva, badilisheni waya kwanza. Tumieni waya mnaojua umewahi kuhamisha picha au kusoma kamera.

Waya ukipona, unakuja mtego wenye hela. Unapakia programu, kompyuta inaleta "not in sync: resp=0x00". Ukimwambia muuzaji, jibu lake ni moja: umeiunguza mwenyewe, irudishe pamoja na "ada ya kuflashi", yaani kuiandikia chipu upya. Msilipe. Kwenye Arduino IDE, ile programu ya kompyuta ya kupakilia, nendeni menyu ya Tools, kisha Processor. Nano nyingi za bei nafuu zina butiloda (programu ndogo ndani ya chipu inayopokea programu yako) ya zamani inayozungumza kwa kasi ya 57600, wakati chaguo la kawaida linazungumza kwa 115200. Chagueni mstari wa ATmega328P (jina la chipu kuu ya bodi) wenye maneno Old Bootloader, pakieni tena. Ikikubali, bodi ni nzima na hiyo ada ilikuwa hela ya bure.

Ikigoma, jaribuni ATmega168 kwenye menyu hiyohiyo. Ikikubali hapo mmeuziwa chipu nyingine. 328P ina KB 32 za kuhifadhi programu na KB 2 za RAM. 168 ina nusu yake, KB 16 na KB 1. Maandishi yaliyo juu ya chipu si ushahidi, yanasuguliwa na kuandikwa upya. Mwenye Arduino ya pili aigeuze kuwa programa (kifaa cha kuandika na kusoma chipu) kwa kupakia programu ya mfano iitwayo ArduinoISP, asome saini (namba ya utambulisho) ya chipu kupitia pini sita za ICSP: 328P hutoa 1E 95 0F, 168 huanza na 1E 94. Saini inayoonekana wakati wa kupakia kwa USB msiitegemee, kwa sababu butiloda hujibu ilichoandikiwa, haiendi kuuliza chipu. Zipo pia bodi zenye LGT8F328P. Hiyo ni chipu halali ya Kichina inayofanana na ATmega kwa matumizi mengi, ila kwa programa hiyo haisomeki kabisa. Kuiuza si kosa. Kuiuza kwa jina la ATmega328P ndiyo kosa.

Nobu. Mchoro wake umeandika 10K, iliyomo kwenye boksi ni A500K au B1M, masalia ya redio na magitaa. Wekeni mita ya kupimia umeme kwenye miguu miwili ya nje: inatakiwa isome kama kilo-omu 10, ikipanda au kushuka asilimia 20 bado ni sawa. Herufi nayo ina maana. B hupanda kwa mstari ulionyooka, A hupanda taratibu na kurukia mwishoni, imetengenezwa kwa ajili ya sauti. Pini ya A0, inayosoma nobu, inapenda chanzo kisichozidi kilo-omu 10, na nobu ya mega-omu 1 ikiwa katikati inakuwa chanzo cha kilo 250. Matokeo yake namba zinachezacheza na mwanga unatetemeka hata mkono ukiwa mbali. Mtu anahariri programu usiku kucha, kumbe kosa ni kipande cha plastiki.

Rezista ndizo zinazoua pini. Mfuko umeandikwa 220, ndani kuna 22. Tofauti ni mstari wa tatu: nyekundu-nyekundu-kahawia ni 220, nyekundu-nyekundu-nyeusi ni 22. Zile za bluu zenye mistari mitano zinachanganya macho, pimeni kwa mita tu. LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 3 kwenye rezista: kwa 220 unapata miliampia 14 hivi, kwa 22 hesabu inakimbilia 136, na kikomo cha pini moja ni 40. Pini itakufa wakati sehemu nyingine ya bodi inaendelea kufanya kazi, na ndipo utakapoambiwa hujui programu.

Tuseme na upande wa pili, haki itendeke. Kitufe cha miguu minne kikionekana kimebanwa muda wote, mara nyingi si kibovu. Miguu yake imeunganishwa miwili miwili ndani, mtu amekichomeka upande usiofaa. Tumieni miguu miwili ya mshazari, tatizo linaisha.

Hiyo "programu bure" nayo ina kasoro mbili za kujulikana haraka. Imeweka LED kwenye pini 7, ambayo haina PWM (kuwasha na kuzima haraka sana ili mwanga ufifie). Kwenye Nano pini za kufifisha ni 3, 5, 6, 9, 10 na 11. Ukiizungusha nobu kwenye pini 7, taa inazimika chini ya nusu na kuwaka yote juu ya nusu, hakuna katikati. Ya pili, kitufe kimewekwa INPUT bila rezista ya kuvuta, ile inayoishikilia pini kwenye hali moja, kwa hiyo pini inaelea na taa inawaka yenyewe ukisogeza kidole. Rekebisheni hivi: kitufe kutoka pini 2 kwenda grandi, pini iwe INPUT_PULLUP (rezista ya kuvuta iliyo ndani ya chipu), kubonyeza kusomeke LOW, kuachia HIGH. Taa igeuke pale tu usomaji unapotoka HIGH kwenda LOW, kisha subirini milisekunde 30 ili mtetemo wa kitufe utulie. Nobu: mguu mmoja wa nje 5V, mwingine grandi, wa kati A0. Usomaji ni 0 hadi 1023, gawanyeni kwa 4 mpeleke kwa analogWrite kwenye pini 9.

Sasa lile linalotufanya tuandike kwa herufi kubwa: KARATASI YAKE INAELEKEZA KUPITISHA UMEME WA UKUTANI KWENYE BREDIBODI. Volti 230. Msithubutu. Vibanio vya bredibodi ni vya volti ndogo na mkondo mdogo, waya ukichomoka umeme uko wazi mezani penye mikono. Halafu hata kazi yenyewe haiwezekani. Rilei ni swichi, ama imewaka ama imezima. Ukiipa PWM itagonga gonga na kuchoma vibanio vyake, mwanga haufifii. Kufifisha taa ya 230 kunahitaji triaki (swichi ya elektroniki ya umeme wa ukutani) yenye kitambuzi cha sifuri, inayofuata wimbi linalopita sifuri mara 100 kwa sekunde, na balbu iliyotengenezwa kufifishwa. Balbu nyingi za LED za madukani siyo hizo. Hiyo si kazi ya mwanafunzi wa wiki moja.

Anayetaka mwanga mkubwa atumie mkanda wa LED wa volti 12 na mosfeti (swichi ya elektroniki) inayofunguka kwa 5V, kama IRLZ44N. Moduli ya IRF520 anayoiuza kama "ya nyongeza" imepimwa kwa volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri. Kwa 5V inafunguka nusunusu na kuchemka. Mita moja ya mkanda wa 5050 wenye taa 60 hula kama ampia 1.2, chagueni adapta kwa hesabu hiyo. Grandi ya adapta na ya Nano lazima ziungane, bila hivyo mosfeti haielewi amri.

Kuhusu malipo: mwambieni mtakutana sehemu ya wazi, mfano kituo cha mwendokasi Gerezani, mkiwa na laptopu, mita na waya wenu. Kupakia programu na kupima nobu na rezista hakuzidi dakika kumi. Akikataa, jibu mnalo. Ile ya "boda ameshatoka, ongezea hela ya kutolea" msiijibu kabisa. Kijana wa boda msimshike shati, yeye kapewa boksi lililofungwa.

Aliyekwisha tuma hela apige mtandao wake mara moja akiwa na namba ya muamala. Hela ikiwa haijatolewa bado kuna nafasi ya kuizuia. Namba ya tapeli tumeni 15040, na taarifa ipelekwe polisi pamoja na picha za mazungumzo. Bidhaa zenye nembo bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani.

Na waliobaki na Nano ya 168, msiitupe. Programu ya kitufe na nobu inaingia humo na nafasi inabaki. Nunueni nobu ya B10K na rezista za 220, mtawasilisha projekti.