Matone ya vitamini D ya watoto (Kisumu): dawa poa, lakini lebo soma mwenyewe

Wazazi wa watoto wenye athraitisi (ugonjwa wa viungo kufura na kuuma) mnaoniuliza kuhusu haya matone, binti yangu ameyatumia tangu mwaka jana na nawaambia vile iko. Dawa yenyewe haina shida. Ni ya mafuta, haina ladha ya kukera, na ukikumbuka ile methotreksati, dawa yake ya athraitisi ya kila wiki, ambayo akiiona tu tayari anataka kutapika, hii ni sherehe.

Shida iko kwa dropa, kale kamrija ka kudondoshea dawa. Hapa tauni utapata chupa mbili karibu sawa, moja tone moja tu ni yuniti 400, ingine ndio ufikishe hizo 400 lazima ujaze dropa hadi mstari wa mililita moja. Sasa umezoea hii ya kujaza, siku chupa yako imeisha kemisti wanakupea ile ya tone moja na hakuna anayesema kitu, si unampa mtoto dozi ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja! Na hii si vitamini C ati itatoka na mkojo, inakaa kwa mwili, ikizidi sana kalsiamu inapanda kwa damu, mtoto anatapika, kiu haiishi, kukojoa kila saa. Maandishi yenyewe kwa kisanduku ni madogo, piga picha na simu halafu uzoom.

Maabara nayo, kule tulimpima vitamini D kwa damu, jina tuliache. Dada wa sindano ana mkono mwepesi, binti hakulia, majibu yakaingia WhatsApp jioni hiyo hiyo. Hapo nawapa maksi zote. Lakini karatasi imeandikwa 45 bila maelezo yoyote, naipeleka kemisti, kijana wa kaunta anaangalia chati ya ukutani, "Mama, hii imepita 30, mtoto ako sawa kabisa." Kumbe chati ni ya nanogramu kwa mililita na karatasi ni ya nanomoli kwa lita. Gawanya 45 kwa 2.5 unapata 18, na madaktari wengi wakiona chini ya 20 wanaita upungufu. Ni daktari wake wa viungo aliyeona hiyo, na ndiye alipanga dozi.

Najua mtu atasema Kisumu na jua lote hili upungufu unatoka wapi. Magoti yakifura mtoto anashinda ndani, wenzake wako fildi yeye ako darasani. Ngozi yetu nyeusi pia inataka jua la muda mrefu zaidi ndio itengeneze kiasi sawa. Halafu kama amewahi kuwekwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, hizo steroidi zinapunguza kalsiamu inayoingia mwilini na kudhoofisha mifupa. Watafiti wa nchi tofauti wamepata watoto wengi wa athraitisi vitamini D yao ikiwa chini, ila kama upungufu ndio unachochea ugonjwa ama ugonjwa ndio unashusha vitamini, bado wanabishana.

Kwa hivyo yule anakuuzia akikuapia ati matone yataponya viungo, hiyo ni biashara inaongea. Mmoja aliniambia niachane kabisa na dawa za hospitali "zinachoma ini". Methotreksati inaweza kusumbua ini ndiyo, ndio maana anapimwa damu kila mara, lakini magoti ya binti yangu yalishuka kwa hiyo methotreksati, si kwa matone. Matone ni ya mifupa, na kwa kazi hiyo nayanunua bila kulalamika.

Mpe na chakula chenye mafuta kidogo ndio iingie vizuri, sisi tunampa akila ugali na omena ya kukaanga. Omena ukiila nzima na mifupa yake inaleta pia kalsiamu, na soko la Kibuye haikosi. Nikienda kununua chupa ingine nabeba kisanduku cha zamani, nalinganisha namba kwa namba pale pale kaunta, foleni ingoje.