Kabla hujalipia pikipiki, washa hazadi halafu chomoa funguo

Kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue pikipiki ipi, na anachotaka kujua ni inakula mafuta kiasi gani na inapanda mlima vipi. Hayo bodaboda yeyote pale stendi atakwambia bure tena kwa kelele. Mi nina swali moja tu ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja, ukizima swichi ukachomoa funguo, hazadi (yaani indiketa zote nne zikiblinki kwa pamoja kuonya wengine) inabaki inawaka au inakufa?

Mi jibu nililipata barabarani. Nauza mitumba magulioni, na pikipiki yangu ya kwanza nilinunua mpya (chapa siitaji, aliyeniuzia simtaji, anajijua). Siku hiyo natoka Mtama narudi Mtwara, saa moja na nusu usiku, giza la kufa mtu, nyuma nimefunga viroba viwili vya nguo, sijafika Mnazi Mmoja ya huku Lindi tairi la nyuma likala msumari. Nikasema afadhali pikipiki yangu ina hazadi, nikabonyeza, taa nne zikawaka safi kabisa, nikajiona mjanja. Nikachomoa funguo nitembee kumtafuta fundi, maana nani anaacha funguo kwenye pikipiki yenye mzigo porini? Tik. Giza. Nikarudisha funguo zikawaka, nikachomoa zikazima. Nikarudia kama mara nne hivi, kama vile itanihurumia.

Kwa hiyo uchague mwenyewe, uache funguo ili malori yakuone na mwizi naye akuone, au utembee na funguo mfukoni na pikipiki isimame pale nyeusi kama kisiki. Na barabara ile mnaijua, malori ya makaa ya mawe yanatoka Ruvuma yanakwenda bandarini usiku na mchana. Nikafanya kama babu zetu, nikavunja matawi ya mkorosho nikayapanga nyuma. Lori la kwanza likayakanyaga yote, upepo wake tu ukaniangushia kiroba.

Kuanzia siku hiyo sinunui kitu chenye magurudumu bila kujua umeme wake unaanzia wapi.

Kwa kifupi ni hivi. Pikipiki nyingi za bei ya kwetu, umeme wa indiketa unapita kwanza kwenye swichi ya funguo ndo uende kwenye flasha (kile kidude kinachofanya taa iwake na kuzima), halafu kiwanda kinaongeza kitufe cha hazadi hapohapo mbele ya safari. Ukizima funguo umekata mto kwenye chanzo. Hazadi inayojielewa inachukua umeme wake betri moja kwa moja, au swichi ya funguo inakuwa na njia ya pembeni kwa ajili yake. Tofauti ni waya mmoja jamani, na kwa ajili ya huo waya mmoja unaweza kuokotwa vipandevipande.

Kuna na kituko kingine kwenye deshibodi. Pikipiki nyingi ndogo zina kataa kamoja tu ka indiketa pale mbele, kanatumika kushoto na kulia. Kale kameungwa katikati ya waya wa kushoto na waya wa kulia, ukiwasha upande mmoja umeme unapita ndani yake unakwenda kuishia upande wa pili, kanawaka. Sasa ukiwasha pande zote mbili kwa pamoja, umeme uko sawa huku na huku, hakuna pa kwenda, kanabaki kimya. Yaani hazadi inawaka nje wewe deshibodi haikuambii kitu, utaondoka nayo mpaka Mikindani huku watu wanakupungia mkono. Kinyume chake pia kipo, vijana wanabadilisha balbu wanaweka LED kwa sababu zinapendeza, umeme mdogo unaopenya kwenye kale kataa unatosha kuwasha LED za upande wa pili, unakata kulia zinawaka zote nne. Fundi anakwambia flasha imekufa anakuuzia nyingine. Flasha haijafa.

Haya tuje kwenye kununua.

Namba moja kwangu ni Boxer 150, na sifichi, mi ni mtu wa Boxer. Injini 144.8 cc, haina makuu, na spea zake utazikuta mpaka dukani kwa muuza chumvi huko Nanyamba. Usitegemee kukuta hazadi ya kiwandani kwenye Boxer ya kazi, na hapo ndo watu wananishangaa, mbona unaiweka ya kwanza? Naiweka kwa sababu naona bora isiyo nayo niweke yangu kuliko yenye ya uongo. Yangu nilifungiwa na kijana mmoja fundi umeme hapa Magomeni ya Mtwara, waya kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampea 5, flasha ya peke yake ya elektroniki, halafu swichi yenye njia mbili, moja ya kushoto moja ya kulia. Hiyo ya njia mbili usikubali fundi akwambie sio lazima. Fundi wa kwanza niliyempa kazi aliunganisha kushoto na kulia kwenye kidude kimoja, matokeo yake kila nikikata kona taa nne zote zinawaka, nikawa kama wale wenye magari wanaowasha hazadi njia panda eti wananyoosha. Swichi nimeificha chini ya siti. Vitu na ufundi vilinitoka elfu 25.

Swali la betri najua linakuja. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 10, nne ni wati 40, kwenye volti 12 ni kama ampea 3.3. Ila zinawaka zinazima, kwa hiyo nusu yake. Betri ya 5Ah ikiwa nzima inakupa kama saa tatu hivi kabla haijachoka, ikiwa ya zamani piga hesabu ya nusu. Ukiweka LED zinazoendana na flasha ya elektroniki, utalala uamke bado inablinki. Na ndo maana usiunge hazadi kwenye flasha iliyokuja na pikipiki, ile ya kizamani ya joto imepimiwa balbu mbili, ukiitwika nne itababaika, mara iwake haraka, mara ikwame.

Namba mbili, TVS HLX. Sina ugomvi nayo, ni ya Uhindi vilevile kama Boxer, na kuna watu Masasi wataniandama kwa kuiweka ya pili. Wacha waniandame. Hazadi unafunga kwa njia ileile.

Kisha kuna wenye hela, au wenye shemeji kwenye mradi. Hawa wakipata Honda kubwa kama CB500X watafurahi, maana Honda walifikiria hili jambo vizuri karibu lote. Unawasha hazadi funguo ikiwa ON, halafu unazima, unafunga na usukani, unachomoa, taa zinaendelea. Kilichonichekesha ni kwamba kuzima unaweza muda wowote hata bila funguo, ila kuwasha tena mpaka funguo. Kwa hiyo umeiacha Mnazi Mmoja inablinki umekwenda kutafuta fundi, anapita mtoto mwenye mkono mwepesi anabonyeza, tayari, mpaka urudi. Yamaha nyingi kubwa zenyewe zina alama ya P (ya kuegesha) kwenye swichi ya funguo, unafunga usukani kwanza, unasogeza mpaka P, funguo inatoka na hazadi inafanya kazi. Nzuri sana, ila hiyo P mtu asiyeijua anaizungusha kwa bahati mbaya anapofunga usukani, taa ya nyuma inakesha, asubuhi betri imekufa na anamlaumu mlinzi. Bei ya spea za hizi sisemi kitu, mi ni muuza mitumba.

Za Kichina za bei chee zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, sizidharau, zimesomesha watoto wengi. Ila jueni kwamba nyingi swichi ya funguo haikati umeme wa kuwashia injini, inaupeleka bodi (kwenye chuma cha pikipiki, upotelee huko), na injini inajichajia moto wake yenyewe bila betri. Maana yake ule waya wa swichi ukichomolewa injini inawaka bila funguo, kwa hiyo funguo sio kufuli, ni ombi tu. Nunua mnyororo wa tairi siku hiyohiyo. Nimemaliza.

Sasa wauzaji. Msimu wa korosho ukianza, minada ikishika kasi, ingia duka lolote la pikipiki uone. Bei ya Agosti na bei ya Novemba sio ndugu. Wanajua mkulima kalipwa, wanajua ana haraka, pikipiki ileile iliyokaa dirishani miezi sita inapigwa kitambaa inaitwa toleo jipya. Halafu ukitaka kujaribu taa unaambiwa haiwezekani mama, betri kavu, maji tunatia ukishalipa. Yaani nitoe karibu milioni tatu ndo niruhusiwe kuona indiketa! Hata tochi ya elfu tano dukani wanakuwashia.

Safari iliyopita nilikwenda na betri yangu. Niliifungua kwenye ile pikipiki ya zamani nikaiweka kwenye ndoo na bisibisi na vipande viwili vya waya, nikaingia nayo dukani. Kijana wa kwanza aliiangalia ile ndoo kama nimebeba nyoka. Tukaunga, nikawasha funguo, nikabonyeza hazadi, nne zote. Nikachomoa funguo. Giza. Akanambia "mama, hiyo ni kawaida, zote ziko hivo." Nkamwambia kawaida yenu ilinikuta porini Mtama. Duka la pili vilevile, na yule akaniuliza kabisa, "kwani mama unanunua pikipiki au taa?"

Duka la tatu nikanunua Boxer, ambayo haikuwa na hazadi ya kunidanganya, na wakati wa kutoka wakanichaji elfu kumi ya maji ya betri.