Baada ya uchaguzi wenye utata: mahakamani au mezani?
Kenya imezijaribu njia zote mbili. Kwa upande wa muda, Mahakama ya Juu inashinda: Katiba ya 2010 inaipa siku 14 kuamua kesi ya urais, na mwaka 2017 majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi, baadhi ya fomu za matokeo zikiwa hazina sahihi wala alama za usalama. Kwangu, hukumu hiyo ilijenga imani kuliko hotuba yoyote.

Mazungumzo hulipiwa kwa vyeo. Mapatano ya Februari 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 na chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, yalizaa wadhifa wa waziri mkuu. Hata hivyo yalizima moto uliokwisha kuua watu zaidi ya 1,000, upinzani ukiwa umekataa kwenda kwa majaji usiowaamini. Mwenye ushahidi mkononi na majaji huru aende mahakamani. Damu ikimwagika, meza haiwezi kusubiri.