Kitabu cha ufafanuzi wa Pro Milone: kimya pale nilipokihitaji

Nilinunua kitabu hiki msimu wa mvua uliopita, kwa bei iliyoniuma, kwa sababu nilitaka kuisoma katika Kilatini chenyewe hotuba ya Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma ya kale, ya kumtetea Milo, aliyeshtakiwa kwa kumuua Clodius, mpinzani wake wa kisiasa. Kilatini changu nilikipata seminari ndogo, nacho ni Kilatini cha misale na cha Biblia ya Vulgata, kwa hiyo nilihitaji mfafanuzi wa kunivusha kutoka lugha ya altare hadi lugha ya mahakama ya Roma. Dibaji inaahidi kwamba tanbihi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayesoma peke yake bila mwalimu. Niliiamini.

Nilikwama ukurasa wa kwanza. Cicero anawaambia mahakimu kwamba sura mpya ya kesi hii inamtisha, kisha anasema: "Non enim corona consessus vester cinctus est, ut solebat." Kwa mtu aliyelelewa na rozari, corona ni taji, na taji lenyewe ni lile la miiba. Nikaelewa kwamba kikao cha mahakimu hakikuzungukwa na taji kama ilivyokuwa desturi, jambo lisilo na maana yoyote. Nikakimbilia tanbihi, nikakuta robo tatu ya ukurasa imetumika kujadili kama neno iudici liandikwe kwa i moja au mbili. Juu ya corona hapakuwa na neno hata moja.

Nilipoteza jioni mbili kabla ya kuazima kamusi kubwa ya padri mmoja na kugundua kwamba corona ni duara la watu waliokuwa wakisimama kuizunguka mahakama ili kusikiliza kesi. Hapo ndipo kila kitu kilipofunguka. Mwaka 52 kabla ya Kristo Clodius alikuwa ameuawa kwenye Barabara ya Appia, wafuasi wake wakaichoma maiti yake ndani ya jengo la Seneti hadi jengo lenyewe likateketea, jemadari Pompeius akafanywa konsuli, yaani mkuu wa dola, peke yake bila mwenzake, na siku ya hukumu uwanja ukajaa askari. Cicero alitafuta kwa macho duara la wasikilizaji aliowazoea, akaona silaha. Hofu yote ya mwanzo wa hotuba imo katika neno hilo moja, na mfafanuzi amelipita kama mtu anayepita msiba wa jirani bila hodi.

Nilikusudia kuishia hapa na kuwaambia wenzangu wasikinunue. Haki lakini inanidai niseme kilichonipata nilipofika kifungu cha 29, pale Cicero anaposimulia mauaji kana kwamba watumwa wa Milo walitenda bila bwana wao kuamuru, kujua wala kuwapo. Kando ya maneno hayo mfafanuzi ameweka masimulizi ya Asconius, aliyewaandikia wanawe maelezo ya hotuba za Cicero karibu miaka 100 baadaye, naye anaeleza kwamba Clodius alijeruhiwa, akakimbiziwa katika nyumba ya wageni, kisha akaburutwa nje na kuuawa kwa amri ya Milo. Nilisoma kurasa hizo mbili mara nne, nikaona kwa macho yangu jinsi wakili hodari anavyoiruka nyumba ile ya wageni bila kuitaja. Sijawahi kufundishwa hivyo na mwalimu yeyote.

Basi hasira yangu imezidi badala ya kupoa, kwa maana mfafanuzi huyu alikuwa na uwezo wa kunisaidia tangu mstari wa kwanza. Sitakirudisha kitabu, wala sitamwazima mwanafunzi wangu kabla sijaandika kwa penseli, pembeni ya ukurasa wa kwanza: corona, duara la wasikilizaji, siku hiyo hawakuwapo.