Kulala kando ya Mto Ruaha Mkuu: uzoefu wangu Msembe

Kwa anayejiuliza kama alale ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha au atafute nyumba ya wageni vijijini nje ya geti, ushauri wangu ni huu: lala ndani, tena mtoni. Tulikwenda Oktoba, mimi na mume wangu, watoto, na mama yangu mzazi, tukachukua mabanda ya hifadhi pale Msembe, makao makuu, kando ya Mto Ruaha Mkuu. Kabla ya safari nilitafuta sana maelezo kwa Kiswahili nikapata machache. Mengi yameandikwa kwa ajili ya wageni wanaoshuka na ndege ndogo na kulipa kwa dola. Nami naandika kwa ajili ya familia kama yangu.

Ukitokea Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 100, na barabara tuliyopita sehemu kubwa ilikuwa vumbi na mawimbi ya kutikisa mifupa. Gari tulikodi kwa mtu mmoja pale mjini, na hilo ndilo jambo pekee lililoniudhi kweli. Lilichelewa kutufuata, halafu tulipopata pancha karibu na Tungamalenga tukakuta tairi la akiba halina upepo. Vijana wa kijijini ndio waliotuokoa. Mama aliwasalimia "kamwene", salamu ya Kihehe, wakacheka, na kazi ikaenda haraka. Ukikodi gari, usimalize kulipa kabla hujaliona tairi la akiba, jeki na spana kwa macho yako.

Pale getini hakuna kulipa taslimu, kwa hiyo hakikisha kuna salio kwenye simu au kadi. Beba pia kitambulisho cha taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiasi chenyewe ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, basi panga muda wako wa kuingia vizuri.

Banda ni banda. Kuna vitanda, vyandarua, mahali pa kuoga, na kivuli nje pa kuweka viti. Usiende ukitafuta hoteli. Chakula tulijipikia wenyewe, na vyote tulibeba kutoka soko la Iringa: mchele, maharage, nyanya, vitunguu, mayai, mkaa na maji ya kunywa. Nyani na tumbili wanajua mgeni amefika hata kabla hajashusha mizigo, kwa hiyo chakula kikae ndani na mlango ufungwe kwa komeo, usirudishwe tu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Watu wengi wakiingia hifadhini wanakimbizana na gari tangu alfajiri, huyu anatafuta simba, yule chui, mafuta yanaisha na watoto wanalia. Ukilala mtoni wakati wa kiangazi huna haja ya kukimbia hivyo. Oktoba mto umekatika, umebaki mchanga mpana na madimbwi hapa na pale, na kila mwenye kiu lazima aje. Tuliweka viti kivulini baada ya chakula cha mchana, tukakaa. Walikuja swala pala kwa makundi, twiga, pundamilia, ngiri na vitoto vyao, na tandala wakubwa wenye pembe zilizosokotwa. Ruaha wapo tandala wakubwa na wadogo pia, jambo ambalo hifadhi nyingi za kaskazini hazina.

Siku moja alikuja tembo jike na mtoto wake, akashuka hadi katikati ya mchanga mkavu. Hakwenda kwenye dimbwi la viboko, ambako maji yalikuwa ya kijani na mazito kwa mavi. Alinusa mchanga kwa mkonga, akasogea, akanusa tena, akaanza kuchimba. Mguu wa mbele unapiga teke la taratibu, mkonga unatoa mchanga uliolegea, mguu tena. Shimo lilipofika kina cha mkonga akasimama kusubiri. Maji yalijichuja humo taratibu, akayavuta ya kwanza na kuyamwaga pembeni, akasubiri tena, ndipo akanywa. Mtoto alijaribu kuingiza mkonga akashindwa kufika, akapiga magoti kwa mbele hadi mdomo ukaingia shimoni. Walipoondoka, nyani walikuwa tayari wamejipanga, na baada yao njiwa. Shimo moja lilinywesha nusu ya waliokuwepo. Mwanangu mkubwa, ambaye kwa kawaida hatulii bila simu, alikaa pale mpaka jua likashuka bila kuikumbuka.

Ukingoni kuna migunga mikubwa ya ile aina inayopukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na kijani wakati wa kiangazi. Maganda yake ya rangi ya machungwa yaliyojikunja huiva majira hayohayo. Tembo dume anaweka paji la uso kwenye shina, anasukuma mara moja kwa nguvu, na maganda yanamwagika chini. Ukisikia sauti ya namna hiyo usiku nyuma ya banda, ndiyo hiyo.

Nao usiku una taratibu zake. Baada ya giza hatukutembea nje bila askari. Mhifadhi mmoja alipokuja kutuelekeza, alimwamkia mama, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa wakubwa wakija mlangoni tufanyeje?"

"Mkae ndani mama, msiwamulike tochi machoni. Wakila wakashiba, wanapita."

Na kweli walipita. Simba tuliwasikia kutoka ng'ambo, fisi karibu zaidi, na viboko usiku kucha. Kero ilitoka kwa wageni wenzetu wa banda jingine waliofungulia muziki kwa sauti mpaka askari akaenda kuwaambia wapunguze. Jamani, kama ni muziki, baa zipo mjini. Kule watu wamelipa ili wasikie simba.

Kuhusu mto wenyewe. Nilizaliwa nyanda za juu kusini, na nimekua nikiambiwa Ruaha Mkuu ni mto wa mwaka mzima. Lakini tangu miaka ya 1990 mwanzoni, kila kiangazi unakatika ndani ya hifadhi. Maji yanatoka bonde la Usangu, yanapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, halafu ndipo yaingie huku. Kule juu mito inayolilisha bonde inachepushwa kwenye mashamba ya mpunga, na mifugo mingi imekuwa ikiingia kwenye maeneo ya maji. Usangu iliongezwa kwenye hifadhi mwaka 2008 kwa ajili ya kulinda chanzo hicho, na wakati huo hifadhi ikazidi kilomita za mraba 20,000. Maji hayohayo yakitoka hapa yanakwenda bwawa la Mtera, kisha Kidatu, yanatupa umeme.

Jioni ile ya tembo na mwanawe, mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Tulikuwa tumenunua mchele wa Mbarali, kwa sababu ndio tuupendao, una harufu nzuri na hauvurugiki. Mbarali ndiko Usangu kwenyewe. Akatazama mchanga, akatazama ungo, akasema, "Kumbe maji yao tunayo huku." Hakuna aliyejibu. Mimi sisemi mkulima wa Mbarali aache kulima, ana watoto kama mimi. Ila mfereji unaovuja njia nzima na maji yanayoachwa shambani wakati mpunga umeshavunwa ni mambo yanayoweza kurekebishwa, na nadhani kila anayekula wali wa kule angepaswa kuja Msembe Oktoba aone viboko walivyobanana kwenye tope.

Tulizunguka na gari pia, asubuhi mapema. Hapo ndipo faida ya kulala ndani inaonekana: wenzako wa nje bado wanasubiri geti, wewe uko mtoni jua likichomoza. Tuliwaona simba wakiwa wamelala chini ya mbuyu, na mibuyu mingi ina majeraha makubwa ambapo tembo wamebandua magome. Ukiacha mto na kuingia kwenye miombo, mbung'o wanakuwa wengi na wanauma kupitia nguo. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, na ufunge vioo.

Joto la Oktoba mchana ni kali, nisikufiche. Kuanzia saa sita hadi saa tisa hakuna la kufanya zaidi ya kunywa maji na kukaa kivulini. Kwa wazee na watoto wadogo Julai au Agosti ni nafuu, japo wanyama wanakuwa hawajabanana sana mtoni. Masika barabara za ndani zinakuwa mbaya, lakini wapenda ndege wanaisifu.

Ningewapa mabanda haya nyota nne kati ya tano, na mahali penyewe zote tano. Ukiomba nafasi, omba mapema hasa wiki za sikukuu, sema wazi kwamba mtajipikia, na uulize kama kuna banda linaloutazama mto moja kwa moja. Likiwepo, chukua hilo hata kama ni dogo.