Uzoefu wangu na The Death of Jean DeWolff: mpelelezi aliyejichukulia sheria mkononi

Katika vitabu vya katuni vya Marekani vinavyosimulia mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, hakuna mhusika anayenisumbua kama yule askari aliyekata tamaa na sheria aliyoapa kuilinda, akavaa barakoa na kuanza kuua watu kwa jina la haki. Waandishi wengi humpamba mhusika wa namna hiyo: humpa familia iliyochinjwa, humpa silaha za kuvutia, kisha humpa maadui waovu kiasi kwamba msomaji hapati nafasi ya kujiuliza kama wanastahili kufa. The Death of Jean DeWolff, kitabu cha kampuni ya Marvel ninachokitolea tathmini hapa, hakimpambi hata kidogo, na ndiyo sababu nakipendekeza kwa moyo wote, licha ya kasoro zake. Kwa kuwa siwezi kukieleza bila kumtaja muuaji, anayependa kumgundua mwenyewe ni vyema aishie hapa na arudi baada ya kukisoma.

Hadithi yenyewe ilitoka kwanza katika jarida la The Spectacular Spider-Man, kuanzia toleo la 107 hadi la 110, kati ya Oktoba 1985 na Januari 1986. Mwandishi wake ni Peter David, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika idara ya mauzo ya Marvel na alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuandika, na mchoraji ni Rich Buckler. Jean DeWolff, kapteni wa polisi wa New York aliyekuwa akimwamini Spider-Man wakati wenzake wengi wakimwona mhuni, hakuwa mgeni kwa wasomaji, kwani alikuwapo tangu mwaka 1976. David anamuua mwanzoni kabisa. Hakuna pambano, hakuna maneno ya mwisho, hakuna kufia mikononi mwa shujaa. Tunamkuta amekwisha kuuawa kitandani kwake, na kurasa zote zinazofuata zinabeba uzito wa jambo hilo.

Muuaji anajiita Sin-Eater. Hana nguvu za ajabu za kutisha, haruki wala hatoi miali. Ana shotigani, ana barakoa ya kijani inayofunika kichwa kizima, na ana orodha ya watu aliowahukumu kimoyomoyo. Baada ya kapteni anamfuata jaji anayemwona mpole mno kwa wahalifu, kisha kasisi. Kuna tukio la barabarani ambalo kila ninapolifikia napunguza mwendo wa kusoma: Sin-Eater anamlenga Spider-Man, naye, kama alivyofanya katika mamia ya hadithi zilizotangulia, anaruka pembeni bila hata kufikiri, na risasi iliyomkosa yeye inampata mpita njia aliyekuwa nyuma yake. Kukwepa risasi ni jambo ambalo msomaji wa Spider-Man amelizoea hadi halioni tena. Hapa Buckler na David wanamlazimisha aangalie inakokwenda risasi iliyokwepwa, na sijui hadithi nyingine ya wakati ule iliyoliuliza swali hilo kwa uwazi kama hii.

Mtu aliye nyuma ya barakoa ni Sajenti Stan Carter, mpelelezi yuleyule aliyepewa kazi ya kumtafuta muuaji wa Jean DeWolff. Tunakuwa tumekwisha kumpenda. Ni mtulivu, ana utu, anazungumza na Spider-Man kwa heshima ambayo askari wengine hawampi, na mwandishi amemweka karibu nasi kwa makusudi ili siku ukweli unapofunuliwa tuhisi kwamba tumesalitiwa, kama anavyohisi Peter Parker mwenyewe, yaani Spider-Man asipovaa barakoa. Naamini huu ndio ufundi mkubwa wa kitabu hiki. Askari muuaji wa vitabu vingine hutambulika kwa uso uliokunjamana na sauti ya kukwaruza; Carter ni mtu ambaye ungempa ufunguo wa nyumba yako akuangalizie ukisafiri.

Ili kuelewa kwa nini hadithi hii iliandikwa namna hii, lazima mtu akumbuke New York ya miaka ile. Tarehe 22 Desemba 1984, Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi akidai kwamba walitaka kumpora, na wakazi wengi wa jiji hilo waliochoshwa na uhalifu walimshangilia. Mwaka 1987 baraza la mahakama lilimwondolea mashtaka ya kujaribu kuua na kumtia hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria tu. Kitabu kinaligusa jambo hilo waziwazi kupitia Ernie Popchik, mzee anayeishi katika nyumba ya wapangaji ya Aunt May, shangazi yake Peter. Mzee huyo anapigwa na vijana wahuni, na baadaye anawafyatulia risasi ndani ya treni. Ni mtu mwema aliyeumizwa kweli, na wakili wa vijana waliomuumiza ni Matt Murdock, yaani Daredevil, shujaa mwingine wa Marvel, ambaye msomaji anajua kuwa naye ni mtu mwema. Mwandishi hamwachii msomaji njia nyepesi ya kumchukia yeyote kati yao. Sehemu hii imechukua kurasa chache kuliko inavyostahili, na ningependa ipewe nafasi zaidi, lakini bila yake Carter angebaki kuwa kichaa mmoja tu, badala ya kuwa sehemu ya hasira ya jiji zima.

Daredevil na Spider-Man wanagombana katika hadithi hii, na ugomvi wao si ule wa kawaida wa mashujaa kutwangana kwa kutoelewana kisha kupatana. Wanatofautiana juu ya sheria. Spider-Man anapomkamata Carter anampiga hata baada ya mtu huyo kushindwa, anampiga kwa nguvu ambazo siku zote amezizuia, mpaka Daredevil anaingilia kati kumzuia. Baadaye umati unataka kumnyakua Carter mikononi mwa polisi ili umuue, Daredevil anajitosa peke yake kumlinda, na Spider-Man hasogei. Anataka umati umalize kazi. Kinachomrudisha ni kumsikia Daredevil akimwita kwa jina lake halisi. Peter Parker, kijana aliyeanza kazi hii kwa sababu ya kifo cha mjomba wake, anakaribia kuwa yuleyule aliyekuwa akimwinda, na kitabu hakimsamehe haraka.

Kasoro kubwa ninayoiona ni maelezo ya chanzo cha wazimu wa Carter. Tunaambiwa kwamba kabla ya kuwa polisi alikuwa mtumishi wa S.H.I.E.L.D., shirika la ujasusi la ulimwengu wa Marvel, na huko alipewa dawa za majaribio za kumwongezea nguvu ambazo zilimharibu akili. Naelewa kwamba jarida la Spider-Man la mwaka 1985 lilihitaji sababu ya namna hiyo, lakini maelezo hayo yanapunguza makali ya kila kitu kilichotangulia. Askari aliyefika kwenye mauaji kwa hatua zake mwenyewe, kwa kuona washukiwa wakiachiliwa na wenzake wakizikwa, angetisha zaidi kuliko askari aliyetiwa sumu. Michoro nayo haina kiwango kimoja. Nyuso za Buckler ni nzuri sana penye majonzi, ila baadhi ya mapigano yanaonekana kuchorwa kwa kukimbizana na muda. Rangi bapa zilizokusudiwa karatasi hafifu ya magazeti zinakuwa kali mno katika chapa mpya ya karatasi inayong'aa. Mimi nilisoma zaidi kwenye kishikwambi, na ilinibidi nipunguze mwanga wa skrini ndipo macho yakatulia.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo thamani halisi ya kununua kitabu kizima. Toleo la 134 hadi la 136 la jarida hilohilo, ya mwaka 1988, yaliyoandikwa tena na David na kuchorwa na Sal Buscema, yanamrudia Stan Carter baada ya kuachiliwa. Amekuwa raia tu, polisi wa zamani anayechechemea na kusikia kwa shida kwa sababu ya kipigo cha Spider-Man, na anaishi akimwona Sin-Eater kando yake kana kwamba ni mtu mwingine. Spider-Man anapokutana naye katika hali hiyo anaanza kuogopa mikono yake mwenyewe, kiasi kwamba anapopambana na Electro, adui wake mwenye nguvu za umeme, anashindwa kupiga ipasavyo. Mwishowe Carter anatoka mbele ya polisi akiwa na shotigani, wanamuua, na bunduki inakutwa haina risasi. Nimesoma hadithi nyingi za walipiza kisasi waliokuwa askari, na karibu zote hukoma mhalifu wa mwisho anapoanguka. Hii inauliza mtu huyo ataishi vipi akiachwa hai, na yule aliyemkomesha ataishi vipi.

Hadithi hii pia ina mzizi wa jambo ambalo wapenzi wengi wa Spider-Man wanalijua bila kujua lilikoanzia. Mtu mmoja aliyechanganyikiwa, Emil Gregg, alikiri kwamba yeye ndiye Sin-Eater, na katika The Amazing Spider-Man toleo la 300, Mei 1988, tukaelezwa kwamba mwandishi wa habari Eddie Brock aliyaamini na kuyachapisha maungamo hayo, akaaibika muuaji wa kweli alipokamatwa, na chuki iliyozaliwa hapo ndiyo iliyomfanya kuwa Venom, mmoja wa maadui maarufu wa Spider-Man. Anayempenda Venom atapata faida maradufu.

Nisingempa mtoto mdogo kitabu hiki, kwa kuwa mauaji yake, hasa ya kasisi, ni mazito hata bila damu nyingi kuonyeshwa. Kwa kijana aliyekwisha kuzoea Spider-Man na kwa mtu mzima asiyewahi kumsoma kabisa, kinafaa vilevile, kwani kila mhusika anatambulishwa ndani ya hadithi. Kabla ya kulipa, angalia maelezo ya chapa unayouziwa: zipo zenye matoleo manne ya kwanza peke yake, na zipo zenye yote saba. Nunua yenye yote saba, hata kama bei imezidi kidogo.